Panya Kutoka kwa Kina Rahabu

Kila siku alipotoka shuleni, Cheptanui aliteka maji, akawasha moto, akaosha sufuria, kisha akaketi mlangoni kumngojea baba yake. Kipketer, baba yake, alichimba udongo mweupe kule Kariandusi. Jioni alirudi akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na ilimbidi akung'ute nguo nje kabla ya kuingia. Zamani Cheptanui na Rahabu walimcheka hadi wakashika mbavu. Sasa Cheptanui hakuwa na wa kucheka naye, na kucheka peke yako hakuna ladha.

Ulikuwa mwaka wa 1953. Rahabu, rafiki yake wa chumba cha pili, alikuwa ameondoka. Mwaka huo wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Wakikuyu wengi wa Bonde la Ufa walipakiwa kwenye malori wakarudishwa kwao. Kina Rahabu walipewa asubuhi moja tu. Baada yao chumba kilifungwa kwa kufuli. Wiki mbili baadaye mama yake Cheptanui alipelekwa hospitali ya Nakuru, kwa kuwa mimba ilikuwa ikimsumbua. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimuuma sana Cheptanui.

Jioni moja panya mdogo alichungulia kutoka kwenye tundu la ukuta uliotenganisha vyumba hivyo viwili. Sikio lake moja lilikuwa limekatika ncha. Mtu mwenye akili zake angemtupia kiatu. Lakini panya huyu alikuwa ametoka kwa kina Rahabu, na tangu siku ile ya lori hakuna kitu kingine chochote kilichokuwa kimetoka huko. Cheptanui akamtupia kipande cha ugali.

Kesho yake alimwekea ugali kwenye kifuniko cha mkebe, chini ya kitanda. Ikawa desturi. Kila jioni, kabla baba hajarudi, alimweleza panya habari za shule: nani amechapwa, nani amekuwa wa kwanza katika hesabu. Panya alikula akimtazama. Kama msikilizaji, hakuwa mbaya.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kike. Jumapili Kipketer alikwenda kumwona, amebeba mfuko wa unga wa wimbi wa kumpikia uji. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Alisema mtoto alikuwa mzima, ila alizaliwa kabla ya siku zake na alikuwa mdogo mno. Mfuko ule wa unga ulikutwa na tundu, na ndani yake mlikuwa na kinyesi cha panya. Nesi aliuona akauliza maswali mengi. Alieleza kwamba panya hukojolea chakula, hubeba viroboto, na huleta magonjwa ambayo mtoto kama yule hawezi kuyastahimili. Kwa hiyo mama angekwenda kukaa kwa shangazi huko Lanet hadi nyumba iwe safi.

"Hata kama ni mpaka Krismasi," baba alisema. Akamtazama binti yake. "Kuna chakula kinachobaki chini humu ndani?"

"Hapana, baba," Cheptanui akajibu.

Kipketer alitega mtego kwa samaki mkavu. Asubuhi samaki alikuwa palepale. Jirani yao Masinde akawaazima paka wake, naye paka akala yule samaki, akalala jikoni siku nzima, akarudi kwao. Kipketer alishangaa ni panya gani hao wanaoringia samaki. Moyoni Cheptanui alijiambia kwamba wake ni mmoja tu, tena mpole, na kwamba wabaya ni wengine. Alimtamani mama yake, lakini kila jioni aliendelea kuweka ugali.

Jumatano baba alirudi na mkebe uliojaa udongo mweupe, ule uliosagika kabisa. Alieleza kwamba kule kazini hata ndege akitua juu ya udongo huo, alama za kucha zake huhesabika. Kabla ya kulala, aliunyunyiza kwa chekecheke sakafuni, kutoka mlangoni hadi pembeni.

Kulipokucha alichuchumaa akasoma sakafu kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema polepole, "Cheptanui, njoo uone."

Nyayo zilikuwa nyingi kupita kiasi. Zilitoka kwenye tundu la ukuta, zikatawanyika, kisha zote zikakutana chini ya kitanda cha Cheptanui, penye kifuniko cha mkebe. Kutoka hapo njia nyingine ilipanda kwenye sanduku ambamo mama alikuwa ameweka nguo za mtoto. Kifuniko cha sanduku hakikufunga vizuri. Fulana ndogo ya juu ilikuwa na alama nyeupe za vidole vya panya, na ukosi wake ulikuwa umetafunwa.

Cheptanui aliishika fulana ile akaanza kulia. Baba hakumgombeza wala hakumpigia kelele.

"Ni mimi, baba. Nilikudanganya. Nilikuwa nikimlisha mmoja tu, nikadhani ni mmoja. Alikuwa anatoka kwa kina Rahabu."

Kipketer aliitwaa fulana ile akaikunja. Kisha akamwambia avae haraka, kwa kuwa kuna kazi.

Alikwenda kwa nyapara kuomba ufunguo wa chumba cha kina Rahabu. Ndani walikuta nusu gunia la mahindi lililoachwa siku ile ya lori, na nyuma yake viota vitatu vya matambara. Walitoa vyote nje wakavichoma. Waliziba matundu kwa udongo uliochanganywa na vigae vya chupa. Unga, mahindi na chumvi viliingia kwenye madebe yenye vifuniko. Nguo za mtoto zilichemshwa, na kila jioni Cheptanui alifagia sakafu hadi punje ya mwisho.

Panya waliobaki ndani walishikwa na njaa, na mtego ukaanza kufanya kazi. Asubuhi ya tatu ndani yake alikuwamo yule mwenye sikio lililokatika. Cheptanui alimlilia, ingawa aliona haya kumlilia panya. Baba alimwacha alie, kisha wakamfukia pamoja nyuma ya nyumba.

Walimwaga udongo mweupe sakafuni kwa siku saba. Siku ya saba sakafu ilikuwa safi kama ukurasa usioandikwa. Jumamosi iliyofuata, mama alishuka kutoka kwenye lori akiwa amembeba mtoto ndani ya blanketi. Alikagua madebe, akakagua kuta, akaingia ndani. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa Cheptanui. Mtoto alikuwa mwepesi ajabu, na alinukia maziwa.

Baba aliketi karibu nao. Alisema kwamba uongo mmoja wa neno "hapana" ulikuwa umemchelewesha mtoto huyu kufika nyumbani, na kwamba nyumba inayoacha chakula ovyo inajialikia maradhi yenyewe. Cheptanui aliitikia bila kuinua macho.

"Lakini nami nina kosa," Kipketer akaendelea. "Nilikuona unanyamaza tangu kina Rahabu waondoke, nikadhani ni utulivu. Siku nyingine ukiwa mpweke, niambie mimi. Labda nitakosa dawa ya upweke huo, lakini tutakuwa wawili."