Harufu ya Kuungua Ndani ya Ndege

Raymundi na mkewe Tekla waliishi Mtendeni, mjini Tabora. Raymundi alikuwa seremala. Tekla alikuwa muuguzi wa chanjo, akifanya kazi katika hospitali ya Kitete.

Kila asubuhi Tekla aliwasha mkaa na kupika uji wa mtama. Raymundi aliunywa haraka, kisha akapanda baiskeli kwenda karakana ya misheni. Huko alitengeneza madawati, milango na majeneza. Lakini alikuwa na kazi nyingine pia, kazi ambayo watu wengi hawakuiamini mpaka waione kwa macho. Raymundi alirusha ndege.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti viwili. Haikutoka kiwandani. Raymundi aliijenga kwa mikono yake pamoja na Bruda Anton, mtawa wa misheni, kwa miaka minne. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao na mabomba membamba ya chuma. Mbawa zake zilifunikwa kwa kitambaa, na Tekla ndiye aliyekishona. Bruda Anton alimfundisha Raymundi kurusha ndege. Raymundi akaenda Dar es Salaam, akafanya mtihani, akapewa leseni. Kisha Bruda akaugua, akarudi kwao Ulaya. Ndege ikabaki mikononi mwa Raymundi.

Huo ulikuwa mwaka 1975. Watu wengi walikuwa wamehamia vijiji vya Ujamaa. Kijiji kimoja kipya kilikuwa ndani ya msitu, mbali na stesheni ya Usinge. Wakati wa mvua mto ulijaa, na gari halikupita. Kwenda kwa miguu kutoka stesheni hiyo kulichukua siku moja na nusu. Chanjo hazingeweza kusafiri siku zote hizo, kwa sababu barafu ingeyeyuka. Kwa hiyo dawa na chanjo zilikwenda kwa ndege ya Raymundi.

Mwezi wa pili habari mbaya zilifika. Surua imeingia katika kijiji hicho. Watoto wawili wamekufa.

"Tunakwenda Jumatatu," alisema Tekla. "Nimeshaomba barafu."

"Tutakwenda," alisema Raymundi. Lakini hakumwambia mkewe jambo moja. Katika wiki mbili, fyuzi kubwa ya ndege ilikuwa imeungua mara tatu.

Fyuzi ni kipande kidogo chenye waya mwembamba ndani. Umeme ukizidi, waya huo hukatika, na umeme unasimama. Hivyo nyaya nyingine zinasalimika. Fyuzi ya ndege ile iliandikwa namba 15, yaani kiasi cha umeme inachokipitisha kabla ya kukatika. Raymundi alichoka kuibadilisha. Jumapili, baada ya misa, alikwenda uwanjani na kuweka fyuzi yenye namba 30.

"Hii haitaniangusha," alijiambia.

Jumatatu asubuhi waliruka. Tekla alikaa nyuma, sanduku la chanjo likiwa kati ya magoti yake. Chini yao mji ulipita, kisha reli, kisha msitu wa miombo usio na mwisho.

Baada ya dakika ishirini Tekla alinusa kitu.

"Baba Eustace!" alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Kama mpira unaoungua!"

Raymundi alitazama mbele. Mshale wa saa ya umeme, ile inayopima umeme wa ndege, ulikuwa unacheza. Kisha aliuona moshi mwembamba ukitoka nyuma ya ubao wa saa, karibu na swichi kuu. Mbawa zao zilikuwa za kitambaa. Moto mdogo tu ungetosha kuwamaliza.

Alikumbuka neno la Bruda Anton: ukiona moshi wa umeme, zima umeme wote. Alizima swichi kuu. Redio ilikufa. Taa zilikufa. Lakini injini iliendelea kunguruma, kwa kuwa ina sumaku zake zinazotoa cheche, nayo haitegemei betri.

Moshi ulipungua, kisha ukaisha. Raymundi aligeuza ndege kurudi Tabora. Tekla alishika rozari kwa mkono mmoja na sanduku la chanjo kwa mkono mwingine.

Bila redio, Raymundi hakuweza kuomba ruhusa ya kutua. Aliuzunguka uwanja mara mbili, akiinamisha bawa ili aonekane. Mtu wa mnara wa kuongozea ndege akaelewa, akamwonyesha taa ya kijani. Walitua salama.

Tekla alishuka. Aliikimbiza chanjo Kitete, irudishwe kwenye jokofu. Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe ameketi uani, ameshika fyuzi.

"Hii haikukatika," alisema Raymundi. "Sielewi. Waya umeungua, lakini fyuzi ni nzima."

"Fyuzi ya ndege imewahi kukatika kabla ya leo?"

Raymundi aliinamisha kichwa. Akamweleza yote.

Tekla akasema, "Nimeshona mbawa zile kwa sindano ya mkono. Nimepanda ndege ile bila kuuliza swali. Leo nauliza. Nani anajua umeme kuliko wewe?"

"Fundi wa ndege yuko Dar es Salaam."

"Mwanajuma binti Shomari yuko nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Yule anatengeneza umeme wa malori!"

"Kwani umeme wa lori hauchomi?"

Raymundi hakutaka. Yeye alikuwa mjenzi wa ndege, na Mwanajuma alikuwa na umri wa kuwa binti yake. Lakini aliwakumbuka watoto wa kule msituni, akachukua kofia yake.

Mwanajuma alijifunza ufundi wa umeme wa magari katika Jeshi la Kujenga Taifa. Siku hiyo alikuwa chini ya lori, mbele ya nyumba ya baba yake. Alitoka akijipangusa mikono.

"Shikamoo, Baba Eustace."

"Marahaba, mwanangu. Nina tatizo, nalo limenishinda."

Mwanajuma alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliuliza tu, "Betri umeiondoa?"

"Bado."

"Basi twende sasa hivi. Waya ulioungua usikae na betri hata saa moja."

Uwanjani, kazi ya kwanza ilikuwa kufungua waya wa betri. Kisha Mwanajuma aliondoa ubao wa saa na kumulika kwa tochi. Nyuma ya swichi kuu kulikuwa na nyaya nyingi. Mmoja ulikuwa umebadilika rangi. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa ya kahawia, ngumu kama ganda la karanga. Lakini shubiri moja mbele, waya huohuo ulikuwa mzima na laini.

"Tazama hapa," alisema Mwanajuma. "Kama umeme ungekuwa mwingi mno, waya wote ungeungua. Huu umeungua mwishoni tu, pale unapoungana na swichi. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kiungo."

Aliuvuta waya kidogo. Ukachomoka wenyewe kutoka kwenye kikombe cha shaba kilichouunganisha na swichi. Ndani mlikuwa na vumbi la kijani, kutu ya shaba.

"Nani alibana hiki kikombe?"

"Mimi. Kwa koleo la misumari."

"Baba, koleo la misumari halibani waya. Linaufinya upande mmoja tu." Akafikiri kidogo. "Umeshaona abiria stesheni, treni ya Kigoma ikifika? Geti likiwa wazi lote, watu wanapita kwa raha. Funga nusu ya geti. Watu ni walewale, lakini sasa wanasukumana, na jasho linawatoka. Umeme nao ni hivyo. Kiungo kikilegea au kikiwa kichafu, njia inakuwa nyembamba. Umeme unajisukuma hapo, na joto linatoka hapo."

"Sasa kwa nini fyuzi ya kwanza ilikuwa inakatika?"

Mwanajuma alikigusa kibano cha fyuzi. Kilicheza kama jino bovu.

"Hiki nacho kimelegea. Kilikuwa kinapata joto, nalo joto likaiyeyusha fyuzi. Fyuzi ilikuwa inakupa habari. Wewe ukaweka nyingine isiyosema."

Maneno hayo yalimchoma Raymundi kuliko kelele yoyote. Alisema polepole, "Nilitaka safari isikwame."

"Najua. Kila dereva ananiambia hivyo. Lakini namba ya fyuzi hufuata unene wa waya. Waya huu ni wa kumi na tano. Ukiweka thelathini, waya utaungua kwanza, fyuzi ikiwa inatazama."

Walifanya kazi siku mbili. Walikata sehemu yote iliyoungua, mpaka walipofika kwenye shaba inayong'aa. Walitia waya mpya wenye unene unaofaa. Mwanajuma alileta koleo lake la kubania nyaya. Baada ya kubana kila kiungo, alikivuta kwa nguvu.

"Kikichomoka mkononi mwangu, kingechomoka angani," alisema.

Boliti za swichi walizisugua kwa msasa. Chini ya kila nati waliweka washa ya springi, yaani pete ya chuma inayoikaza nati, ili mtikisiko wa injini usiilegeze. Kibano cha fyuzi wakakibadilisha. Nyaya wakazifunga vizuri kwenye kiunzi, zisining'inie na kusuguana. Mwisho wakarudisha fyuzi ya kumi na tano.

Raymundi alitaka kufunga ubao.

"Bado," alisema Mwanajuma. Alirudisha betri, akawasha redio na taa zote, akatoa mita ya kupimia umeme. "Naweka ncha moja upande huu wa kiungo, na ncha nyingine upande wa pili. Umeme ukipita vizuri, mshale unalala. Ukinyanyuka, umeme unapotea hapo."

Alipima kiungo kimoja baada ya kingine. Mshale ulilala. Alipofika kwenye waya unaorudisha umeme kwenye kiunzi cha chuma, mshale ukanyanyuka.

Mwanajuma alizima umeme, akafungua boliti. Chini yake kulikuwa na rangi nzuri ya bluu.

"Rangi hii alipaka nani?"

"Mimi tena," alisema Raymundi. Sasa yeye mwenyewe akacheka. "Nilipaka mara tatu, ing'ae."

"Imeng'aa kweli. Lakini umeme haupiti kwenye rangi. Kwaruza hapa mpaka chuma kionekane."

Raymundi alikwaruza, akafunga, akapima mwenyewe. Mshale ukalala.

Kisha waliwasha injini, ndege ikiwa imefungwa kwa kamba ardhini. Iliunguruma nusu saa, na kila kitu cha umeme kikiwa kimewashwa. Walizima injini, wakazima umeme, wakapeleka migongo ya mikono yao karibu na viungo, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa baridi.

"Tumemaliza," alisema Raymundi.

"Mimi nimemaliza," alijibu Mwanajuma. "Ndege ina mkaguzi wake. Andika kila tulichofanya, naye aje aone. Mimi ni fundi wa malori."

Raymundi aliandika kurasa mbili katika daftari la ndege. Aliandika pia kosa la fyuzi. Alipiga simu Dar es Salaam, na mkaguzi, Ndugu Damas, alifika kwa treni siku ya Alhamisi. Alikagua asubuhi nzima. Alivuta nyaya, akapima, akasoma daftari.

"Nani alibana viungo hivi?" aliuliza.

Raymundi alimwonyesha Mwanajuma, aliyesimama mlangoni mwa banda la ndege.

"Kazi safi, ndugu," alisema mkaguzi, akatia saini.

Ijumaa alfajiri Tekla alifika uwanjani na sanduku la barafu. Kabla hajapanda, alimtazama mumewe.

"Fyuzi ni ya ngapi?"

"Kumi na tano."

"Haya, twende."

Msitu ulipita chini yao saa nzima na zaidi. Mshale wa saa ya umeme ulitulia mahali pamoja. Kijijini watu walikuwa wamefyeka kiwanja na kuwafukuza mbuzi. "Mwangaluka! Mwangaluka!" waliwasalimu kwa Kinyamwezi. Akina mama walikuwa wameshapanga mstari, watoto mgongoni.

Tekla alichanja watoto mia moja na arobaini na watatu. Waliolia walilia, na waliocheka waliwacheka wanaolia. Mama mmoja alikuja na mtoto aliyekuwa bado mzima, ingawa dada yake alikuwa mmoja wa wale wawili waliokufa. Baada ya sindano alimshika Tekla mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo kwa muda. Katika wiki zilizofuata, hakuna mtoto mwingine aliyekufa kwa surua katika kijiji kile.

Alasiri hiyo waliruka kurudi. Jua lilikuwa limeinama upande wa Kigoma. Raymundi aliongea na Tabora kwa redio, na sauti ya mnarani ikamjibu wazi. Aligeuka amwambie mkewe kwamba watafika kabla ya giza.

Tekla hakumsikia. Alikuwa ameegemea ubavu wa ndege, sanduku tupu miguuni. Alikuwa amelala usingizi mzito.