Mlio wa Upande wa Kushoto

Farasi jike alikuwa amefunga mdomo, pua zimetulia, na bado koo lake lilikuwa likikoroma.

Daktari alisimama zizini na kamera yake nyembamba ya kuchungulia koo mkononi. Miaka ishirini alikuwa akipasua makoo ya farasi wa mbio, na kukoroma kwao alikujua: upande wa kushoto wa koo hupooza, gegedu likaning'inia njiani kama pazia, hewa ikipita kwa kasi ikapiga kelele. Kwa kasi, lakini. Huyu alikuwa amesimama tu, saa sita mchana, hajakimbia hata hatua moja.

"Shemeji," mtunza farasi alinong'ona. Alikuwa mdogo wa mume wa daktari, kwa kawaida mtu wa maneno mengi. "Huu si ugonjwa. Tumwache."

"Tukimwacha, tajiri wake atampiga risasi. Si amesema asipopona hamtaki? Na wewe ndiye uliyemlea kwa chupa."

Shemeji akaishika hatamu ya farasi.

"Basi sikiliza. Analia hivi." Daktari alikuwa na desturi ya kuiga mlio wa kila koo kabla ya kulikata, ili aukariri. Akafungua mdomo, akaukoroma mlio ule ule. Siku nyingine shemeji angecheka mpaka akae chini. Farasi aligeuza shingo polepole, akamtazama daktari mdomoni.

Wakamdunga dawa ya kumtuliza na ya ganzi, akabaki amesimama anasinzia. Shemeji akaingiza kamera puani, picha ikatokea kwenye skrini. Daktari akachana ngozi nyuma ya taya. Ikatoka harufu ya nyasi zilizoungua.

Sindano ya kushonea, yenye uzi wa kulivuta pazia kando, ilipopenya kwenye gegedu, mkoromo ulishuka ukawa pumzi, pumzi ikawa mnong'ono, na kwenye skrini wote wawili wakaona, nyuma ya lile pazia, kitu cheusi chenye unyevu kikijikunyata kwenye kona kadiri uzi ulivyokaza, mpaka mnong'ono ukawa maneno, na maneno yakatoka kwa sauti ya daktari mwenyewe: "Ukiifungua kona yangu, nitahamia kwa aliyeniita."

"Achia uzi, shemeji! Achia, nakuomba!"

Daktari aliogopa. Aliogopa mpaka kibano kikagonga sinia. Lakini kutishwa kwenye kazi yake mwenyewe, tena kwa sauti yake mwenyewe, kulimchoma kuliko hofu.

"Hama," akasema. "Hapa si kwa baba yako."

Akavuta uzi, akafunga fundo, akaongeza la pili na la tatu. Pazia likakaa pembeni. Njia ya hewa ilikuwa wazi, na kona ilikuwa tupu.

Miezi mitatu baadaye farasi yule alikimbia uwanja mzima, na hakusikika ila kwato. Shemeji alilia bila aibu. Daktari, kando yake, alikuwa amefunga mdomo, na kooni mwake, upande wa kushoto, kitu kikaanza kukoroma.

Shemeji akaacha kulia. "Shemeji... ni wewe?"

Daktari alijishika shingo. Macho yalikuwa makavu.

"Niletee kamera," akasema, na sauti ikatoka mbili. "Na uzi, ule mnene. Limehamia kwa mwenye sindano, jinga hili."