Nusu Aliyoiacha Odile

Kila asubuhi Odile alianzia bombani, na akitoka hapo alikwenda kwenye foleni ya unga. Maji hayakumsumbua sana. Unga ndio uliokuwa na maringo siku hizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya foleni ilikuwa yake. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na baba yake alishinda akizunguka mji kutafuta kibarua tangu mashine za mgodi wa Mashamba ziliponyamaza.

Mwaka ule Kolwezi nzima, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ilikuwa na mambo mawili ya kuzungumza. La kwanza, wakubwa wa jimbo walikuwa wamezuia unga wa Zambia usivuke mpaka. La pili, walikuwa wametoa amri kwamba watu wenye asili ya Kasai, jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, wasiuze tena chochote sokoni, hata wale waliozaliwa hapo hapo Kolwezi. Wachuuzi hawakukubali, wakaipeleka amri hiyo mahakamani. Siku ambayo hukumu ilikuwa isomwe, foleni ya unga ilikuwa imegeuka mahakama ya pili, yenye majaji wengi kuliko ile ya kwanza.

"Serikali inasema kweli," alisema mama mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani. "Hawa bantu ba Kasai banatumaliza."

"Banatumaliza namna gani, mama?" akauliza mzee Ngoy, aliyekuwa bado amevaa ovaroli ya mgodini ingawa mgodi haukumwita tena. "Mupaka umefungwa. Bunga itatoka wapi? Itaanguka toka mbinguni?"

"Bunga iko! Baliificha mu nyumba zabo!"

Watu wakapiga kelele, wengine kumtetea mama yule, wengine kumcheka. Hapo akafika Stany, kijana mwenye filimbi shingoni. Hakuna aliyemchagua kusimamia foleni. Alijichagua mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na mabega mapana, hakuna aliyembishia. Macho yake yakamwangukia Odile.

"Wee, si unaingiaka kwa mama Mbelu kila siku? Sema. Magunia iko mule?"

Odile alijua vizuri kilichokuwamo mle. Mama Mbelu alikuwa jirani yao, mchuuzi wa unga mwenye asili ya Kasai, na binti yake Rachelle alikaa dawati moja na Odile. Juzi Rachelle alikuwa amefunua pazia la chumba akamwonyesha magunia ya unga, yaliyoshonwa midomo na kupangwa hadi dirishani. Ndani hamkuwa na unga. Mlikuwa na sufuria, blanketi na nguo za familia nzima. "Tunafunga bitu yetu," Rachelle alimnong'oneza, "siku bakitufukuza tusiende mikono mitupu. Usiambie mutu." Walikuwa wamebakiza sahani mbili tu nje, wakila kwa zamu.

"Iko," alijibu Odile. "Magunia imejaa mu chumba mpaka dirishani."

Sentensi ya pili ilikuwa tayari kwenye ulimi: lakini ni vyombo tu. Kabla hajaitamka, Stany alimshika mkono akampeleka mbele kabisa ya foleni. "Mutoto wa akili huyu! Bamupimie wa kwanza."

Jana yake nyumbani walikuwa wamekula sombe, majani ya muhogo, bila bukari, ule ugali wao wa kila siku, na mtoto alilia usiku kucha kwa kuwa maziwa ya mama yalikuwa yamepungua. Odile akautazama unga mweupe, akaimeza ile sentensi. Akajifariji kwamba hakusema uongo. Magunia si yalikuwako?

Muuzaji alikuwa bado anajaza meka, ule mkebe wa kupimia, wakati mwendesha baiskeli alipofika mbio kutoka mahakamani. "Bachuuzi bameshinda! Juji anasema ile amri haina nguvu!"

Wengine walipiga makofi. Wengine walitema mate chini. Mtu mwenye redio akaiongeza sauti, na wote wakasikia kwamba wakubwa wa jimbo hawaitambui hukumu hiyo, na kwamba njaa imeletwa na wenye kuficha unga. Foleni ikavurugika. Stany akapuliza filimbi.

"Muko munasikia? Bameshinda, sasa batatuuzishia bunga yetu na bei banataka! Odile aliona magunia na macho yake! Twende kwa mama Mbelu!"

Odile akabaki na beseni lake la unga mikononi, akiliona kundi likiondoka huku jina lake likitajwa midomoni. Angeweza kwenda nyumbani, afunge mlango, apike. Alifikiria hivyo kweli, hata akapiga hatua kadhaa. Kisha akasikia jiwe la kwanza likigonga bati la nyumba ya mama Mbelu, akalitua beseni chini na kukimbia.

Mama Mbelu alikuwa amesimama mlangoni, Rachelle nyuma yake. Kando yake, mtoto mgongoni, alisimama mama yake Odile.

"Mutapita juu yangu kwanza," mama alikuwa akisema. "Nani aliwaambia hapa kuko bunga?"

"Mutoto wako mwenyewe," akajibu Stany, akicheka.

Mama akageuka. Odile alikuwa amefika, anahema. Watu wote wakamgeukia, na Odile akatamani ardhi impokee.

"Odile, ni kweli?"

"Nilisema magunia iko. Sikusema iko na nini ndani. Iko na sahani na nguo. Nilijua. Rachelle alinionyesha. Nilinyamaza juu Stany alinipeleka mbele mu foleni."

Rachelle alimtazama, kisha akatazama pembeni. Hilo lilimuuma Odile kuliko kofi.

"Anabaficha!" akafoka Stany. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake.

Mama Mbelu aliingia ndani, akalikokota gunia moja hadi uani, akakata uzi kwa kisu na kulimwaga. Zikatoka sufuria, sketi ya shule ya Rachelle, koti la kanisani la baba yake, na picha ya arusi. Kioo cha picha kikavunjika kwenye jiwe.

"Kuko ingine," alisema. "Nikate yote?"

Mzee Ngoy akasogea, akainama, akaiokota picha na kuipangusa vipande vya kioo. "Huyu wa nyuma ni mimi," alisema taratibu. "Tulikula na kucheza mpaka asubuhi." Akaanza kuzikusanya sufuria. Mama mwenye kitambaa chekundu akajifunga kanga yake upya, asimtazame mtu, akaondoka. Mmoja mmoja wengine wakamfuata, hadi Stany akabaki peke yake. Akaangusha jiwe lake, naye akaenda.

Odile alingoja fimbo, lakini mama yake alikaa chini na kumvuta karibu.

"Ungesema uongo mutupu, mutu angekubishia," alisema. "Wewe ulikamata kweli, ukakata nusu, ukauza. Kila mutu akaamini, juu ile nusu ilikuwa kweli."

"Hata bakubwa mu redio banafanya vile," aliongeza mama Mbelu, akitia uzi kwenye sindano ya magunia. "Banasema bunga haiko. Habasemi nani alifunga mupaka. Mutoto wangu, nusu ya kweli ndio ilileta mawe pa bati yangu. Kesho rudia kule kule mu foleni, umalizie maneno yako."

Asubuhi iliyofuata Odile alianza kwa aliyesimama wa kwanza, akaenda akiteremka foleni yote. "Magunia ya mama Mbelu iko na sahani na nguo. Mi nilijua, nikanyamaza." Wengine waliitikia kwa kichwa. Wengine walimwambia wamekwisha kusikia, naye akasema tu. Uso ulimwaka moto, lakini hakuruka mtu.

Wa mwisho kabisa alikuwa Rachelle, beseni kichwani. Odile akasimama mbele yake.

"Na mi uniambie," alisema Rachelle. "Yote."

Odile akamwambia: magunia, siri, mkono wa Stany, unga mweupe, na zile hatua alizopiga kuelekea nyumbani. Hilo la mwisho hakuna mwingine aliyelijua.