Vumbi Mbele ya Nuru ya Kale

"Kaka, umebeba ramani yangu."

Foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imefika mlangoni. Kijana mrefu mwenye ovaroli akaikunjua karatasi. "Hii ni mbingu nzima, dada. Umeinunua lini?"

Binti wa gauni la kijani akacheka bila kutaka. Akamweleza: hiyo ni nuru kongwe kuliko zote, iliyobaki tangu ulimwengu ulipoanza. Kazi yake yeye ni kuondoa kwenye ramani vumbi la nyota zetu linalokaa mbele ya nuru hiyo.

"Basi wewe ni Mfagizi."

Jina likamganda. Kumbe kijana ndiye fundi wa darubini iliyoipima nuru hiyo. Mwaka haukuisha, wakawa chanda na pete.

Kisha kwenye ramani ikaonekana alama ya mzunguko, na mkuu wa kituo chao cha utafiti akaita waandishi wa habari kutangaza kuwa ni mwangwi wa mwanzo wa ulimwengu. Mfagizi akasimama mbele ya wote.

"Kadiri masafa ya mawimbi tunayopima yanavyopanda, alama inazidi kung'aa. Nuru ya kale haifanyi hivyo. Hilo ni vumbi."

"Keti, binti," mkuu akafoka.

"Siketi."

Jioni hiyohiyo akafukuzwa kazi. Simu ikalia.

"Umeniaibisha," fundi akasema. "Mpenzi, ungeniambia kwanza!"

"Nilikupigia mara nne. Ulizima simu."

"Nilikuwa juu kwenye darubini! Huko simu haziruhusiwi."

"Na leo mkutanoni? Mbona ulitazama viatu vyako?"

Mfagizi akakata simu, akalia mpaka mama yake akamnyang'anya mto.

Siku ya kumi na tatu fundi akabisha hodi, macho mekundu, shati limekunjamana.

"Nimepima upya palepale kwa masafa mengine. Ni vumbi tupu, laazizi."

"Na mkuu?"

"Amekataa hata kutazama. Nikaondoa jina langu kwenye tangazo lake. Nataka likae kando ya lako."

"Kwenye makala ya kumpinga?"

"Kwenye makala. Na kwenye cheti cha ndoa."

Mama akakohoa jikoni, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Watatuandama," Mfagizi akasema, machozi yakimlenga. "Huenda tusipate kazi popote."

"Watuandame."

Mfagizi akamsogezea kiti, akafungua kompyuta.

"Ndoa nimekubali. Sasa nisomee vipimo, tena polepole. Nataka kila tarakimu iwaume."