Luva za Upande wa Magharibi

Kila siku akitoka shule, msichana yule alipitia kwanza ofisini kwa mama yake, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Alitupa mkoba chini ya meza, akanawa mikono, kisha akafanya kazi zake za shule pembeni mwa meza ndefu ya kuchorea. Mama yake alikuwa msanifu majengo. Ndugu wote walimwita msichana huyo Kulikoni, kwa sababu swali lake moja likijibiwa, mengine mawili yalikuwa yameshapanga foleni.

Wiki ile mezani palikuwa na kitu kipya: jengo dogo la kadibodi, la ghorofa tatu, lenye kimo cha mkono kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Lilikuwa mfano wa jengo ambalo shangazi yake alitaka kulijenga. Chini yangekuwa maduka ya kupangisha, na juu karakana yake ya kushona nguo.

"Shangazi yako anataka kuta za kioo kitupu," mama alisema. "Mimi nataka mbele ya kioo tuweke luva za mbao."

"Luva ndiyo nini?"

"Ni vipande vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimelazwa kwa mteremko na kuachiwa nafasi katikati. Vinafanya kazi kama ukingo wa kofia yako. Jua linagonga mbao badala ya kugonga kioo. Upepo unapita, na aliye ndani bado anaona nje."

"Kwa nini mbao, siyo bati?"

"Bati likipigwa na jua linachoma, na joto lake linaingia ndani. Mbao haipati moto upesi hivyo."

"Na mvua je? Hazitaoza?"

Mama alicheka. "Mbao ngumu, ikipakwa mafuta na kuinamishwa ili maji yateremke, inadumu miaka mingi. Ila inataka kutunzwa. Ukiitelekeza, itaoza kweli."

Kulikoni aliijua karakana ambayo shangazi alikuwa amepanga wakati huo. Alasiri ikifika, jua lilipenya kwenye vioo likawapiga washonaji usoni. Waliteremsha mapazia mazito, halafu wakawasha taa mchana kweupe. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha alishona huku amejifunga kitambaa chenye maji kichwani. Hata majora ya vitambaa yaliyokaa dirishani yalikuwa yamepauka upande mmoja.

Basi mama alikata vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, na Kulikoni akavibandika kwa gundi pande zote za jengo. Vidole vilinata, lakini kazi ilipendeza. Mama aliposhuka kuzungumza na seremala, Kulikoni alichukua tochi, akazima taa, akajifanya jua.

Alipoinua tochi juu, sakafu ya karakana ilibaki kivulini. Safi kabisa! Akahamia upande wa magharibi, akaishusha tochi taratibu, kama jua linavyoshuka jioni. Alishangaa. Mwanga ulipita katikati ya vijiti, ukaenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, pale pale ambapo cherehani zingepangwa.

"Pengine nimeishika vibaya," alijisemea. Akarudia. Mwanga ukapita tena.

Alisikia hatua za mama kwenye ngazi. Kesho yake shangazi alikuwa anakuja kutoa uamuzi, na mama alikuwa amehangaikia michoro ile kwa muda mrefu. Kulikoni aliwasha taa, akarudisha tochi mahali pake, akanyamaza.

Shangazi aliingia kesho yake kwa kishindo, mkanda wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Wifi, nimekuomba jengo, wewe unanipa banda la kuku!"

"Karibu uketi kwanza, wifi," mama alisema huku akitabasamu. "Ukishaona, utanitukana vizuri zaidi."

Alizima taa, akainua tochi juu. Shangazi aliinama mpaka miwani ikateleza puani.

"Alaa! Kumbe ndani kivuli, na bado naona nje! Haya, umenishinda. Naagiza mbao leo hii."

Kulikoni alimkumbuka yule mama mwenye kitambaa cha maji kichwani.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "na jua la jioni je?"

"La jioni nalo litazuiwa."

"Nililijaribu jana. Liliingia."

Mama alishusha tochi upande wa magharibi. Mwanga ukapenya mpaka ukuta wa nyuma. Akavuta kiti akaketi.

"Wifi, usiagize mbao bado," alisema. "Upande huu nimekosea. Nilitaka jengo lifanane pande zote, nikasahau kwamba jua halifanani pande zote."

"Kwa hiyo turudi kwenye kioo changu?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Tujaribu tena."

Walivisogeza vijiti vikakaribiana. Mwanga ulizuilika, lakini ndani pakawa giza kama stoo.

"Mimi jua la jioni likinipiga upande wa uso, kofia hainisaidii," Kulikoni alisema. "Ninaweka kiganja hivi." Akakisimamisha kando ya jicho.

"Hebu kaa hivyo hivyo!" Mama alikitazama kile kiganja kilichosimama wima. Akabandua vijiti vya magharibi, akavisimamisha, kila kimoja amekigeuza kidogo upande. Shangazi mwenyewe alishika tochi, akaishusha chini. Mwanga uligonga vijiti, ukaingia ndani umepoa. Hakuna mwale hata mmoja uliofika pale ambapo cherehani zingekaa.

"Sasa hapo tumeelewana," shangazi alisema.

Jengo lilipokamilika, Kulikoni na mama walikwenda kulitembelea jioni. Jua lilikuwa chini, linawaka hasa. Ndani, washonaji waliendelea na kazi bila pazia wala taa, wakitaniana.

"Mama, siku ile ulinikasirikia?" Kulikoni aliuliza.

"Niliona aibu kidogo. Lakini wewe uliliona kosa tangu jana yake. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa nitakuharibia."

Mama alimshika bega, akamwonyesha wale washonaji. "Mwanangu, kosa la kadibodi tulilibandua kwa dakika chache. Lingejengwa, hawa wangeungua kila jioni, na mimi nisingejua pa kuficha uso. Kuuliza na kujaribu ni jambo zuri, lakini ukishagundua ukweli, useme mapema, hata kama aliyekosea ni mama yako."