Herufi Moja Katika Anwani ya Maji

Asubuhi, Mama Mapacha hutazama simu kabla ya kukinga maji. Idara ya maji huandika kwenye tovuti yake siku za kusafisha mabomba kwa dawa, ambazo maji hayafai kunywewa. Siku hiyo alifungua anwani ya tovuti hiyo aliyotumiwa katika kundi la wazazi la simu. Ilisema: "Maji ni salama." Akawajazia mapacha chupa zao, wakaenda shule.

Mchana waliletwa wakitapika, matumbo yakiwasokota. Mama yao akawakimbiza zahanati.

Mumewe ni fundi wa mabomba katika idara hiyo. Alipofika nyumbani alimwita mkewe mzembe, kwa kuwa tangazo lilikataza watu kunywa. Mkewe akamwita mwongo, akamwonyesha simu. Fundi akatoa yake. Kweli, ilisema, "Msinywe." Lakini anwani zilionekana sawa, herufi kwa herufi. Nyumba ikaingia ubaridi.

Watoto walipopata nafuu, Mama Mapacha alipanda ghorofa ya juu. Jirani yake hufanya kazi katika ofisi kuu inayosajili majina ya tovuti. Jirani alizipima anwani zote mbili kwenye kompyuta.

"Hakuna mwongo kati yenu, dada," alisema. "Katika neno 'maji' kwenye anwani yako, hiyo herufi 'a' si yetu. Ni ya maandishi ya lugha nyingine. Kwa macho ni kurwa na doto, kama wanao. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti."

Akaeleza kuwa matapeli walitengeneza tovuti ya uongo na kunakili humo matangazo ya zamani ya idara, ili wakusanye namba za simu za wanaojiandikisha.

"Na ninyi mnalipitishaje jina kama hilo?"

"Sisi hatupitishi jina lililochanganya maandishi. Lakini anwani ina ngazi. Sisi tuliupa mji jina lake. Majina ya chini yake hutolewa na ofisi ya mji, na huko hakuna anayekagua."

"Yaani mmefunga mlango wa mbele, wa uani uko wazi."

"Basi twende tukaufunge," jirani akajibu. Kesho yake walikwenda pamoja ofisi ya mji kuomba majina yakaguliwe. Karani alihofu kuwafungia nje wanaotumia maandishi mengine. Jirani akamtuliza: waandike jina zima kwa maandishi yao, mradi wasichanganye, na lisifanane na jina la mwingine. Kanuni iwe moja, kuanzia ngazi ya juu hadi ya chini.

Ofisi ilikubali. Tovuti ya uongo ikafungwa. Mama Mapacha akaiandika mwenyewe anwani ya idara, akaihifadhi kwenye simu.

Haukupita muda mrefu, Fundi akaja na habari. Mtu alijaribu kusajili jina jingine la kufanana na la idara, kwa herufi ya kigeni. Kompyuta ya ofisi ya mji ikalikataa palepale.

Fundi akaweka begi la zana chini.

"Nilikuita mzembe," alisema. "Haikuwa haki."

"Nami nilikuita mwongo," mkewe akajibu, akimsogezea kiti. "Tumetoka sare. Kaa ule."