Kengele Zilizozuiwa

Upepo uliwakuta wamebakiza kilomita arobaini kufika kituo cha umeme wa jua. Kwanza mchanga ulikimbia chini chini barabarani kama maji yaliyomwagika sakafuni. Dakika chache baadaye mbele ya gari hapakuwa na barabara wala mbingu. Fundi akashusha gia. Mhandisi Mkuu, aliyekaa pembeni yake, akamwambia aongeze mwendo watoke kwenye vumbi.

"Sioni kitu, Mkuu."

"Kanyaga tu. Barabara imenyooka."

Barabara haikuwa imenyooka. Magurudumu yalikosa ardhi, gari likabingirika mara mbili hadi chini ya korongo kavu, likalala ubavu.

Upepo ulipotulia, jua lilikuwa linazama. Fundi alikuwa na jeraha juu ya jicho na mbavu zilizomchoma kila alipovuta pumzi. Mhandisi alikuwa amevunjika mguu chini ya goti. Redio ya gari ilikuwa imepondeka, na simu huko hazishiki. Dumu la maji lilikuwa limepasuka, na mchanga chini yake ulikuwa umeshakunywa kila tone. Zilibaki chupa moja nzima na nyingine nusu.

Fundi akaunga mguu wa Mhandisi kwa vipande viwili vya fremu ya paneli na mkanda wake mwenyewe. Mhandisi aliuma kola ya shati hadi kazi ikaisha.

"Watatutafuta lini?" Fundi aliuliza.

"Tulisema tutakaa kituoni siku tatu, na huko hakuna mtu wa kutungoja."

"Basi siku ya nne."

Akampimia maji kwa kifuniko cha chupa, vifuniko vitatu. Moyoni alikuwa akihesabu mambo mengine.

Miezi minane kabla ya hapo, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alipanda nguzo kwenye laini ya umeme inayotoka kituo hicho hicho akiwa ameambiwa umeme umezimwa. Umeme wa mjini ulikuwa umezimwa kweli. Lakini upande wa pili wa waya kituo cha jua kilikuwa kinazalisha, na swichi ya kukitenga haikuwa imekatika sawasawa. Kwenye nguzo kulikuwa na vihisi, vifaa vidogo vinavyopeleka habari mjini kila sekunde, ili watu wa chumba cha uangalizi wajue waya upi una umeme na upi hauna. Vikigundua hatari, kengele hulia, na fundi aliye juu ya nguzo hupigiwa simu ya upepo ashuke. Siku ile haikulia kengele yoyote. Ripoti ilisema vihisi havikugundua kitu, na kwamba marehemu alipanda bila kupima. Uzembe wa fundi. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Mhandisi Mkuu.

Vihisi vile Fundi alivifunga kwa mikono yake. Alivijua kama anavyojua vyungu vya jikoni kwake. Tangu siku ya maziko alitaka jambo moja tu: kukaa na mtu huyu mahali pasipo na mlango wa kutokea. Dereva wa ofisi alipougua, akajitolea kuendesha. Sasa mahali penyewe alikuwa amepapata.

Asubuhi akapanda ukingo wa korongo. Kiasi cha kilomita mbili upande wa kaskazini aliziona nguzo za laini, zimejipanga hadi zinapomezwa na mawimbi ya joto. Mojawapo ilikuwa na sanduku linalokusanya habari za vihisi vya sehemu ile yote, pamoja na nguzo aliyofia mdogo wake.

"Kuna sanduku la vihisi," alisema aliporudi. "Nikilegeza waya mmoja, kengele italia mjini. Watajua tulipo mpaka namba ya nguzo."

Mhandisi alijivuta karibu zaidi na gari. "Tungoje hapa hapa, kwenye kivuli."

"Kivuli hiki kitaondoka saa tatu."

Akang'oa boneti lililokuwa limeshakatika bawaba, akalifunga kamba ya kuvutia magari, akamlaza juu yake na kuanza kuvuta. Kamba ilimla mabega. Kila hatua mia alisimama, akainama akiwa ameshika mbavu, akaendelea. Hakumvuta kwa upendo. Hakutaka afe kabla hajamjibu.

Sanduku lilikuwa zima. Kipaneli chake kidogo cha jua kilikuwa kimejaa vumbi. Akakifuta kwa mkono, akafungua mlango, akalegeza waya wa kihisi. Skrini ndogo ikawaka maandishi: Kengele imehifadhiwa. Haikutumwa.

Akalegeza mwingine. Maandishi yale yale. Akabonyeza kurudi nyuma, ukurasa hadi ukurasa, mpaka akafika pale alipopatafuta miezi minane. Kutuma kengele kumezuiwa. Maandishi hayo yalikuwa na tarehe, siku kumi na moja kabla mdogo wake hajapanda nguzo.

Hakugeuka. "Nani ana namba ya siri ya kuzuia sanduku hili?"

Nyuma yake boneti lilikwaruza mchanga.

"Nimekuuliza wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita wewe badala ya Mkuu, na wote wawili walilisikia hilo.

"Zilikuwa zinalia ovyo," Mhandisi alisema mwishowe. "Wingu likipita juu ya paneli, kengele. Upepo ukivuma, kengele. Wageni walikuwa wanakuja kuuona mfumo mpya. Nilitaka skrini iwe ya kijani siku mbili tatu. Nikasahau kufungua."

"Na baada ya msiba?"

"Baada ya msiba ningefunguaje? Sanduku linahifadhi kila kitu. Ukifungua, zote zinatoka."

Fundi akageuka. "Jana uliniangalia nikikupimia maji. Leo nimekuvuta kama gunia. Wakati wote huo ulijua nakuleta kwenye sanduku bubu, na kwamba namba ya kulifungua unayo wewe."

"Nilitumaini watatutafuta mapema."

Fundi akachukua chupa zote mbili, akaanza kuifuata laini kuelekea kituoni, kwenye maji na redio. Kilomita thelathini na nane. Mtu mwenye mbavu zilizovunjika angeweza kufika, au asifike. Nyuma yake sauti ilimwita fundi, kisha binti, kisha dada. "Dada yangu, nakuomba." Hakusimama. Kila nguzo aliyoipita alijisikia mwepesi, kama mtu anayetua mzigo kidogo kidogo.

Kwenye nguzo ya nne akaketi kupumua, na hapo ndipo akili ilipomjia. Akimwacha, atakufa na namba yake kichwani. Ofisi italeta sanduku jipya, na hili litatupwa kwenye banda la vyuma. Mhandisi Mkuu atazikwa kwa hotuba na maua. Watasema amefia kazini. Na mdogo wake atabaki mzembe milele.

Akainuka akarudi.

Midomo ya Mhandisi ilikuwa imeshapasuka. Alipomwona akaanza kulia bila machozi. "Mungu akubariki."

"Sikurudi kwa ajili yako." Akaweka chupa juu ya sanduku, mahali ambapo mkono wa Mhandisi usingefika. "Ingiza namba."

"Nitafungwa."

"Jela kuna maji."

Akaketi kwenye kivuli chembamba cha nguzo, akanywa funda moja polepole, akimtazama usoni. Jua lilipanda. Mhandisi alifumba macho, akayafumbua, akaitazama chupa. Fundi hakuwa amewahi kuwa na subira namna hiyo maishani mwake, na ubaridi wake mwenyewe ulimtisha kidogo, lakini hakuuondoa.

Mwishowe Mhandisi akanyoosha mkono. Fundi akamwinua kwa kwapa hadi vidole vikafika kwenye vitufe. Namba sita.

Skrini ikatulia, kisha ikaanza kukimbia. Kengele mia nne na kumi na mbili zilikuwa zinatumwa, moja baada ya nyingine, kuanzia ya zamani. Fundi alisogeza uso karibu. Akaiona ya siku ile. Saa nne na dakika sita asubuhi: waya una umeme. Chini yake nyingine, maneno yale yale. Na nyingine. Kumi na moja kwa jumla, hadi saa nne na dakika tisa, dakika ambayo ripoti ilisema aliugusa waya. Dakika tatu nzima sanduku lilipiga kelele, na huko juu mdogo wake alikuwa bado hajaugusa waya.

Akaketi chini ya sanduku. Ilipita muda ndipo akakumbuka chupa. Akampa kifuniko kimoja, kisha cha pili. Hakumpa cha tatu.

Gari kutoka mjini lilifika saa tisa alasiri. Wa kwanza kushuka alikuwa mwangalizi wa zamu wa chumba cha uangalizi, mama mtu mzima aliyekuwa zamu hata siku ile ya msiba. Alimpita Mhandisi, akaenda moja kwa moja kwa Fundi.

"Ukuta mzima umekuwa mwekundu, mwanangu," alisema. "Tukadhani mfumo umeharibika. Halafu nikaanza kusoma tarehe." Akamshika Fundi mabegani.

"Umeziona?"

"Zote kumi na moja. Hakuna ambaye hajaziona pale ofisini. Polisi wameshaitwa."

Wiki mbili baadaye Mhandisi, aliyelazwa hospitalini chini ya ulinzi, alimtumia Fundi ujumbe: anaomba kuonana na familia, awaombe radhi. Fundi alikwenda na mama yake. Wodi ilikuwa safi, pazia limefungwa nusu, askari ameketi mlangoni. Mhandisi alikuwa ameandaa maneno. Mama hakuyangoja. Alivuta kiti, akaketi, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyochapwa, akaiweka juu ya shuka.

"Soma," alisema.

Akasoma. Saa nne na dakika sita, waya una umeme. Saa nne na dakika sita, waya una umeme. Kwenye ya saba akaiweka karatasi chini, akaiinua tena, akamaliza zote kumi na moja.

Fundi alikuwa ameingoja sauti hiyo kuliko alivyoyangoja maji kule mchangani. Sasa alijikuta amesimama dirishani, ameshika mbavu, akitamani kutoka.

Mama hakutikisika.

"Anza upya," alisema.